Maswali ya wasomaji: Bakteria wanaotumwa kusaka saratani

Barua nyingi za mwezi huu zimechochewa na ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu kuanzia Igoma hadi Nansio: kwamba kuna wadudu waliotengenezwa maabara, unawameza, wanaisaka saratani mwilini, kisha majibu unayapata kwenye mkojo. Ujumbe huo haukuzuliwa wote, ila umekatwa mahali pabaya. Tumechagua barua saba na kuzifupisha.

Nasikia hawa bakteria ukiwameza wanakwenda moja kwa moja kwenye saratani. Bakteria hana macho wala pua. Njia anaijuaje?
*Fundi pikipiki, Nyakato*

Haijui. Bakteria wachache hupenya kutoka utumboni wakaingia kwenye damu, na damu huwabeba popote inapokwenda. Wengi hukamatwa na kuuawa muda si mrefu, hasa kwenye ini na bandama. Wanaosalimika ni wale walioangukia ndani ya uvimbe. Uvimbe wa saratani una mishipa ya damu iliyojengwa kwa pupa, inavuja. Katikati yake oksijeni ni haba, na kuna seli zilizokufa ambazo kwa bakteria ni chakula. Tena askari wa kinga ya mwili hapo wamezubaishwa na saratani yenyewe.

Mtu wa Mwanza atalielewa hili kwa magugumaji. Upepo huyasukuma huku na huko ziwani, lakini yanakostawi ni kwenye ghuba iliyotulia, mawimbi yasikofika na mto unakomwaga rutuba. Hakuna aliyeyaelekeza kule. Kwingine yalivunjwa, kule yakaachwa yaote.

Halafu kuna kuzaana. Bakteria aina ya E. coli, akiwa kwenye mchuzi mzuri wa maabara wenye nyuzi joto 37, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Ukianza na mmoja, baada ya saa 10 una zaidi ya bilioni moja. Ndani ya uvimbe mwendo ni wa polepole zaidi, lakini wachache walioponea pale wanatosha kuwa kundi kubwa.

Kwa hiyo anayebadilisha jeni za bakteria hamfundishi kutafuta. Anampa mdomo wa kusema "niko hapa", na ugumu wote wa kazi hii umelala kwenye huo mdomo: useme kwa sauti ya kutosha, na usiseme pasipo na saratani.

Naomba hatua kwa hatua jinsi majibu yanavyotokea kwenye mkojo. Na je, imeshafanyika kwa binadamu?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nyegezi*

Kazi unayoiulizia ilichapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Marekani, wakiwemo Tal Danino, Sangeeta Bhatia na Jeff Hasty. Walitumia bakteria aitwaye E. coli Nissle 1917. Alfred Nissle, daktari wa Ujerumani, alimpata kwenye choo cha askari wa Vita ya Kwanza ambaye hakuugua tumbo wakati wenzake wakiharisha. Bakteria huyo huuzwa kama dawa ya tumbo katika baadhi ya nchi, kapsuli moja ikibeba bilioni 2.5 hadi 25, ndiyo maana watafiti wanampenda: tabia zake zinajulikana.

Hatua zilikuwa hizi. Bakteria aliwekewa jeni ya lacZ kwa wingi, jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kubandua sukari ya galaktosi kwenye kitu ilichoshikana nacho. Panya wenye saratani iliyosambaa kwenye ini wakanyweshwa bakteria hao. Ini lilichaguliwa kwa sababu mshipa mkubwa wa damu kutoka utumboni humwagia hapo, kwa hiyo ndiko wanakofika kwanza. Baada ya siku moja hivi panya wakadungwa kemikali ya lusiferini iliyounganishwa na galaktosi. Ikifungwa hivyo lusiferini haiwezi kutoa mwanga. Ikikutana na bakteria ndani ya uvimbe, kimeng'enya kinaikata, lusiferini inakuwa huru, inachujwa na figo na kushuka kwenye mkojo. Mkojo unachanganywa na kimeng'enya kingine, lusiferasi, ndani ya mrija, na mashine inapima mwanga.

Umeona ujanja wake? Bakteria mwenyewe hatoki. Kinachotoka ni kemikali, na bakteria mmoja aweza kukata molekuli nyingi sana za kemikali hiyo, ndiyo maana ishara ndogo inakuzwa mpaka ikapimika.

Kilichowasumbua ni plasmidi, kile kipete cha DNA kilichobeba jeni ya ziada. Kukibeba ni mzigo, na bakteria anayekitupa huzaana haraka kuliko mwenzake aliyebaki nacho. Baada ya siku chache kundi zima linaweza kuwa bubu. Maabara huwadhibiti kwa antibaiotiki: anayetupa kipete anakufa. Ndani ya mwili njia hiyo haifai. Wakaweka jozi ya sumu na kiuasumu kwenye kipete hichohicho. Kiuasumu huisha upesi, sumu hudumu, kwa hiyo bakteria akitupa kipete hubaki na sumu bila kinga yake, anakufa.

Kwa binadamu, kipimo kamili cha namna hii hakijafika hospitalini. Kuna hatua iliyopigwa: mwaka 2024 ilichapishwa kazi ambamo wagonjwa walimeza Nissle wa kawaida, na akakutwa amejikusanya zaidi kwenye vivimbe vya utumbo kuliko kwenye utumbo mzima wa jirani. Hiyo inaonyesha kwamba anafika, haionyeshi kwamba anatoa jibu sahihi. Usisahau pia habari ya mwaka 2002. Bakteria wa Salmonella waliodhoofishwa, ambao kwa panya walijazana kwenye uvimbe, walidungwa kwenye damu ya wagonjwa 25. Walionekana ndani ya uvimbe kwa wagonjwa watatu tu. Uvimbe wa panya wa maabara hukua kwa wiki chache na una mishipa inayovuja mno. Wa binadamu huchukua miaka. Kila ukisikia "imefanya kazi kwa panya", kumbuka hao watatu kati ya 25.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimesikia kuna bakteria wanaosoma DNA ya saratani yenyewe. Inafanyikaje, na ungeyasomaje majibu kwenye sahani?
*Fundi sanifu maabara, Sengerema*

Hii ni kazi ya mwaka 2023 ya watafiti wa Australia na Marekani, na kwetu ndiyo inayovutia kuliko zote. Bakteria wake ni Acinetobacter baylyi, mkazi wa udongoni mwenye tabia ya kuokota DNA iliyotapakaa nje na kuiingiza kwenye jeni zake. Seli za saratani zinapokufa humwaga DNA utumboni. Kwa kawaida vimeng'enya huikatakata upesi. Bakteria huyu yuko palepale na huiokota kabla haijaharibika.

Jeni iliyolengwa ni KRAS. Katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, herufi moja hubadilika kwenye kodoni (herufi tatu za DNA zinazosomwa pamoja) ya 12: GGT inakuwa GAT, na asidi amino ya glisini inakuwa aspatiki. Bakteria hupewa vipande viwili vinavyofanana na pande mbili za KRAS. DNA ya KRAS ikiingia, hushikana na vipande hivyo na kupandikizwa katikati yake. Lakini kila mtu ana KRAS nzima, na seli za kawaida za utumbo nazo hufa kila siku. Hapo ndipo unapoingia mkasi wa jeni uitwao CRISPR: umeelekezwa kuikata KRAS ya kawaida, ile yenye kasoro unaiacha. Upandikizaji ukifanikiwa, bakteria anapata uwezo wa kustahimili antibaiotiki ya kanamaisini, na hilo ndilo jibu lako: anaota kwenye sahani ya agari, ile ya kuoteshea bakteria, iliyotiwa dawa hiyo.

Usomaji wa sahani wenyewe ni ule unaoujua. Chukua 0.1 ml ya sampuli, weka kwenye 0.9 ml ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85, changanya, badilisha ncha ya pipeti, rudia mpaka mrija wa sita. Pandikiza 0.1 ml kwenye sahani mbili mbili: yenye dawa na isiyo na dawa. Kiasi cha kanamaisini kinachotumika sana maabara ni mikrogramu 50 kwa ml. Kesho yake hesabu sahani zenye koloni (vidoa vya bakteria waliozaana) 30 hadi 300 tu. Chini ya hapo bahati inakudanganya. Juu ya hapo koloni zinagusana.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zetu. Sahani isiyo na dawa, ya mrija wa tano, ina koloni 120. Mara 100,000 kwa kuwa kila mrija ulipunguza sampuli mara kumi, kisha mara 10 kwa kuwa ulipandikiza sehemu ya kumi ya ml: bakteria milioni 120 kwa kila ml. Sahani yenye dawa, sampuli haijapunguzwa, ina koloni 60, yaani 600 kwa ml. Uwiano ni mmoja kwa kila 200,000. Jibu lako lote limesimama juu ya hao 600, kwa hiyo chochote kinachoweza kuotesha koloni za bure kinakuharibia.

Na vitu hivyo ni vingi. Cha kwanza, kwenye choo cha mtu wamejaa bakteria wengine ambao tayari wanastahimili dawa, hasa mahali ambapo antibaiotiki hununuliwa dukani kama peremende. Lazima bakteria mpelelezi awe na alama ya pili inayomtofautisha, na koloni kadhaa zithibitishwe kwa PCR, kipimo cha kunakilisha kipande cha DNA mpaka kionekane. Cha pili, mabadiliko ya bahati: bakteria mmoja mmoja huwa sugu bila kuokota chochote. Ndiyo maana unahitaji sahani ya ulinganisho yenye mpelelezi ambaye hajakutana kabisa na DNA ya saratani. Kama nayo imeota, namba yako haina maana mpaka uitoe. Cha tatu ni sahani yenyewe. Dawa huongezwa agari ikishapoa hadi kama nyuzi 50, na ichanganywe vizuri. Isipochanganyika, upande mmoja wa sahani unakuwa hauna dawa na koloni zinaota hapo kwa furaha. Ukiona koloni zote zimekaa pembe moja, itupe sahani hiyo.

Kuna jambo moja ambalo ujumbe wa simu haukulitaja kabisa. Kwenye panya wale, saratani yenyewe ilikuwa imewekewa mapema jeni ya kustahimili kanamaisini, na bakteria waliingizwa kwa njia ya haja kubwa. Walitofautisha panya wenye saratani na wasio nayo, lakini kwa msaada huo. Kuisoma DNA ya saratani isiyochezewa kulifanyika kwenye vyombo vya maabara, si ndani ya mnyama. Pia bakteria huyu anakamata kasoro anayoijua tu. Saratani ya utumbo isiyo na kasoro hiyo ya KRAS, nazo ni nyingi, inampita pembeni.

Madaktari, shikamooni. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nina miaka 47. Nimewahi kutibiwa kichocho mara mbili. Sasa naona damu kwenye choo tena. Hicho kipimo cha bakteria kingenifaa?
*Mvuvi, Ukerewe*

Marahaba. Hata kama kingekuwapo hospitalini leo, wewe ungekuwa mtu mgumu sana kwake. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye ukuta wa utumbo mpana, mwili huyazingira, panavimba, pengine panaota vinyama. Mahali palipovimba hivyo kinga ya mwili hutoa kemikali zinazogeuka kuwa naitreti, na E. coli huitumia naitreti kupumua mahali penye oksijeni haba, akashamiri. Mpelelezi angepiga kelele "nipo hapa" juu ya kichocho, si saratani. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu wasio na kichocho lazima kijaribiwe upya kwa watu wa ziwani kabla ya kuaminiwa hapa.

Sasa la kufanya wiki hii. Nenda kituo cha afya upimwe choo kwa njia ya Kato-Katz. Kile kibao kidogo hupima miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo mayai yanayohesabiwa huzidishwa mara 24 kupata mayai kwa gramu. Mayai huwa hayatoki sawasawa kila siku. Omba sampuli za siku mbili au tatu. Yakionekana, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, ukiwa umekula. Dawa hiyo haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyeendelea kuingia majini anaweza kuonekana "hajapona" kumbe walikuwa bado wachanga.

Lakini usiishie kwenye kichocho, na hapa tunasisitiza, maana watu wa visiwani hucheleweshwa na jibu hilihili: "ni kichocho tu". Damu ikiendelea wiki kama sita baada ya dawa, omba rufaa ya kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, ina huduma za saratani. Usisubiri hizo wiki sita ikiwa unapungua uzito, unaishiwa damu, choo kimebadilika kwa muda, kuna uvimbe tumboni au ndugu wa damu aliugua saratani ya utumbo. Kamera huona, na kinyama hukatwa palepale kwenda kupimwa. Hakuna bakteria anayefanya hilo.

Wakitengenezwa bakteria wa namna hii, si watatoka kwa choo na kuishia ziwani? Sisi maji tunachota humo humo.
*Mkazi wa Igombe*

Swali la haki. Njia ya kwanza ya kuwazuia ni kuwanyima uwezo wa kutengeneza kitu wanachokihitaji, kwa mfano thimidini ya kujengea DNA, wakawa wanategemea kupewa. Ya pili ni jeni ya kujiua inayoamka mazingira yakibadilika. Hakuna inayozuia kwa asilimia mia. Kiwango kinachotajwa na taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ni kutozidi mtoro mmoja kwa kila bakteria milioni 100. Inasikika vizuri mpaka ufanye hesabu: dozi ya bilioni 10 bado inaruhusu watoro 100. Kwa hiyo hufungwa kufuli mbili zisizotegemeana, ili mtoro wa ya kwanza akwame kwenye ya pili.

Kwa maoni yetu hatari kubwa zaidi ni jeni ya kustahimili antibaiotiki, kwa kuwa bakteria hupeana jeni. Kwenye sahani ya maabara inafaa. Ndani ya kitu cha kumezwa na watu iondolewe, ibadilishwe na rangi au mwanga. Tena Nissle mwenyewe si malaika: ana jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoweza kujeruhi DNA ya seli. Kumpa mtu mzima asiye na ugonjwa bakteria huyo kwa ajili ya uchunguzi tu, bila kwanza kushughulikia jeni hizo, ni jambo ambalo sisi tusingeliidhinisha.

Njia inayotuvutia zaidi ni ya kuwafungia. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kapsuli ya kielektroniki yenye Nissle nyuma ya utando: maji ya tumbo yanapita, bakteria hawatoki. Wakikutana na damu wanatoa mwanga, vihisio vinausoma na kutuma taarifa kwa redio hadi kwenye simu. Ilijaribiwa kwa nguruwe, na inatambua damu, si saratani. Kwa Tanzania, majaribio ya kitu kama hiki kwa watu yangehitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kuna unga unauzwa huku kwetu wa "bakteria wazuri wanaogundua na kuondoa saratani". Je, mtindi nao unafanya hivyo?
*Msomaji, Kirumba*

Hapana kwa vyote viwili. Mtindi unywe kwa sababu ni chakula. Muuza unga mwulize swali moja: anagundua, halafu majibu anayatoa wapi? Bakteria asiye na njia ya kutoa jibu hajagundua kitu. Na mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, asimeze bakteria hai wowote bila daktari wake kujua.

Mume wangu ana miaka 52, hana dalili. Baba yake alifariki kwa saratani ya utumbo akiwa na 58. Tusubiri hicho kipimo kipya?
*Mama wa Buswelu*

Msisubiri. Mwenye mzazi aliyeugua hushauriwa kuanza kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligundulika, ipi itangulie. Mume wako amekwisha kupitiliza. Aanze na kamera moja kwa moja.

Wengine wasio na historia hiyo wanaweza kuanza na kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo. Kiko cha aina mbili. Cha zamani, cha karatasi ya guayaki, hugeuka bluu kikiwekewa tone la haidrojeni peroksaidi. Hudanganywa na nyama nyekundu, na vitamini C nyingi hukifanya kiseme hakuna damu wakati ipo. Kwa hicho acha nyama ya ng'ombe na mbuzi siku tatu kabla, vidonge vya vitamini C pia, na utoe sampuli za siku tatu tofauti. Samaki unaweza kula. Cha kisasa hutambua hemoglobini ya binadamu tu, sampuli moja inatosha na chakula hakizuiwi.

Kwenye choo cha shimo, tandika karatasi au mfuko safi. Choo kisiguse maji wala mkojo. Kwangua kwa kijiti sehemu kadhaa za juu, si kuchota bonge, maana kikijaa kupita mifereji yake kiasi kinazidi na jibu linapotoka. Funga, andika tarehe, peleka siku hiyohiyo. Joto huivunja hemoglobini: mrija ulioachwa kwenye dashibodi ya daladala mchana wa Mwanza unaweza kusema "hakuna" na damu ilikuwapo. Mwanamke asipime akiwa kwenye hedhi, na mwenye bawasiri inayotoka damu asubiri ikauke. Majibu yakitoka kuwa kuna damu, usirudie kipimo ukitumaini litabadilika. Nenda kwenye kamera.